Zipu Iliishia Njiani

Ujumbe uliingia saa nne usiku, nikiwa nimeshafunga daftari la mauzo. Ilikuwa picha tupu, bila salamu. Imepigwa kwenye kioo cha kabati, mwenyewe amegeuka kunionyesha mgongo: gauni la kijani la satini, zipu imepanda hadi juu kidogo ya kiuno ikagoma, na kutoka hapo kwenda juu pande mbili za kitambaa zimeachana kama mdomo wa kiroba kilichojazwa kupita kiasi. Baada ya dakika mbili maneno yakafuata: "Mwanangu, halijanitosha. Tunafanyaje?"

Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, yuko Dodoma. Gauni lilimgharimu 45,000, na kulisafirisha kwa basi 7,000. Alilinunua kwa ajili ya sendofu ya binti yake, na zilikuwa zimebaki siku tisa.

Nikamjibu hivi: "Shikamoo mwalimu. Vipimo vyote niliviandika chini ya picha kabla hujalipa. Mali ikishauzwa hairudishwi." Shikamoo ile niliitanguliza kama mtu anayefunika chungu kitupu kwa kawa safi. Mwalimu akaandika "Marahaba", basi. Nikalala usingizi mzuri tu.

Nilikuwa na sababu zangu, na sababu zenyewe zilichukua miaka mitatu kujijenga.

Nilianza mwaka 2019, chumbani kwangu Tabata. Sikuwa na duka wala kibao. Nilikuwa na simu, msumari ukutani wa kuning'inizia nguo, na dirisha linaloingiza mwanga mzuri wa picha mpaka kama saa nne asubuhi. Mzigo niliutoa Karume, kule Ilala. Anayekwenda Karume kuchagua haendi saa tano. Anakwenda alfajiri, belo linapofunguliwa. Kamba zikishakatwa belo linavimba kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, na mikono ishirini inaingia kwa pamoja. Hakuna kujaribu. Unashika, unanusa kwapa, unapitisha zipu juu na chini mara moja, unatupia begani. Ukisita, mwenzio ameshachukua. Nyumbani naloweka, nafua, napiga pasi, napiga picha, natupia WhatsApp na Instagram: "Saizi 12, bei 35,000, mikoani tunatuma."

Hiyo 12 ndiyo iliyokuwa chanzo cha ugomvi. Nguo za belo moja zinaweza kuwa zimetoka nchi tano. Gauni ambalo Mwingereza amelibandika 12, kwa kawaida Mmarekani angeliita 8, Mjerumani 38, Mfaransa 40, Mwitalia 44. Juu ya hapo kila kiwanda kina tabia yake, na wengine hupunguza namba makusudi ili mnunuzi ajione mwembamba. Nimewahi kushika XL ambayo mimi mwenyewe, mvaaji wa M, sikuweza kuipitisha mabegani. Ama "frii saizi", hilo ni neno la matumaini. Mwili wake bado sijakutana nao.

Nilipochoka kugombana nikaanza kuuliza namba hizi zilizaliwa wapi. Mwaka 1939 na 1940 Wizara ya Kilimo ya Marekani (ndiyo, hiyohiyo ya ngano na mahindi) ilipeleka wapimaji katika majimbo kadhaa wakapima karibu wanawake 15,000, kila mmoja vipimo 59. Ripoti ya Ruth O'Brien na William Shelton ikatoka mwaka 1941, na kazi hiyo ndiyo iliyokuja kuwa msingi wa viwango vya saizi za wanawake vilivyotolewa na serikali yao mwaka 1958. Wanawake wasio weupe, hata pale walipopimwa, vipimo vyao viliwekwa kando. Viwango vyenyewe vilifutwa mwaka 1983, namba zikabaki zikizurura bila mwenyewe. Sasa chukua namba yenye ukoo huo, ipitishe viwandani, ifunge kwenye belo, ivushe bahari, halafu mwulize mama wa Mbeya mwenye nyonga alizorithi kwa bibi yake: wewe ni 12?

Lakini mimi ndivyo nilivyokuwa nikiuliza. Na mteja akiwa na wasiwasi, alikuwa na swali moja: "Dada, itanikaa?" Naifungua picha yake ndogo ya WhatsApp, iliyopigwa kwa pembe ya kujipunguza kilo kumi, naitazama sekunde tatu, najibu: "Itakukaa vizuri sana kipenzi."

Neno hilo limenigharimu kuliko bodaboda wote wa Dar es Salaam. Jirani yangu mmoja, mwanasheria, aliwahi kunieleza tukiwa foleni ya maji bombani. Akasema ipo Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, ambayo mizizi yake ni sheria ya Waingereza ya mwaka 1893. Humo mnunuzi kweli anaambiwa afumbue macho. Ila kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo, na mnunuzi akimweleza mfanyabiashara anachokitafuta, akategemea ujuzi wake, mfanyabiashara huyo hawezi kunawa mikono kirahisi. "Wewe ulishamwambia itamkaa," akasema, "sasa unamkimbia wapi?" Nikamtajia ile ya mali ikishauzwa hairudishwi. Akacheka mpaka ndoo ikafurika.

Kwa wateja wa Dar nilipata njia: pokea, jaribu, lipa. Nilikuwa na kijana wangu wa bodaboda, mwaminifu, anayesimama getini kofia mkononi huku mteja yuko ndani anahangaika na kioo. Halafu simu inaita. "Dada, anasema inambana kifuani kidogo." Na kwa nyuma, kutoka dirishani, nasikia sauti: "Mwambie siyo kidogo!" Yule kijana akaja kuwa mtaalamu kuniliko. Akirudi na gauni ananiambia, "Huyu mpe lile la maua la juzi, ndiyo mwili wake," na kweli linamtosha. Alikuwa amemwona mtu mzima mlangoni; mimi nilikuwa nimeona picha yenye upana wa kidole.

Tatizo lilikuwa hesabu. Gauni la 35,000 lilikuwa likiniachia faida kama 12,000. Likienda Sinza na kurudi, 10,000 imeondoka na bodaboda. Likienda mara ya pili, nimefanya kazi ya kutoa sadaka.

Kisha kuna watu wa Jumatatu. Hawa wananunua Alhamisi, wanakaa kimya Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na Jumatatu asubuhi gauni "halijawatosha". Mmoja alinirudishia gauni jeusi lenye poda ya shingoni ya rangi ya chungwa na harufu ya udi iliyokolea, akaapa kwamba amelijaribu tu sebuleni kwake. Nilikuwa nimeshamwona kwenye WhatsApp ya rafiki yake, ukumbini, amelivaa, amenyanyua glasi. Sikumtumia ile picha, japo niliitazama mara nyingi na kidole kikaniwasha. Nilimwambia tu kwamba limeshafuliwa na jasho. Kuanzia hapo kila gauni nikalishonea nukta moja ya uzi mwekundu kwapani, kwa namna ambayo huwezi kutoka nalo nyumbani bila kuikata. Uzi ukiwepo, tunaongea. Uzi ukikatwa, limekuwa lako.

Dawa ile ilifanya kazi, ila ilinipa ugonjwa mwingine. Ukishashona uzi wa kukamata wezi, kila anayelalamika unamtazama kwanza kwapani.

Dada yangu mkubwa anaishi Reading, Uingereza, na nguo zake za zamani anaziuza Vinted, soko la mtandaoni la mitumba. Siku moja nikamlilia kuhusu wateja, yeye akanieleza kwao kulivyo. Mtu binafsi anayeuza koti lake halazimiki kulirudisha kwa sababu tu halikumkaa mnunuzi. Kinachoangaliwa ni kama koti limefanana na maelezo. Duka likiuza mtandaoni, huko mnunuzi ana siku 14 za kubadili mawazo. Na huko Vinted pesa ya mnunuzi haiendi moja kwa moja kwa muuzaji. Inakaa katikati, mnunuzi anapokea mzigo, ana siku 2 za kusema kuna tatizo. "Sisi huku hapo katikati hakuna kitu," nikamwambia. "Mteja anatuma M-Pesa, pesa yote ninayo mimi, nguo yote ninayo mimi, yeye ana ujumbe wa muamala." Dada akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ungekuwa yeye ungelala usingizi?" Nikajitetea kwamba mimi mtu binafsi, sina duka. Akacheka. "Unauza magauni arobaini kwa mwezi, mdogo wangu. Mtu binafsi gani huyo?"

Baada ya mazungumzo yale nikaamua kuachana kabisa na saizi za lebo. Kuanzia mwaka 2021 nikawa nalilaza gauni kitandani, nalinyoosha bila kulivuta, napima kwapa hadi kwapa, kiuno hadi kiuno, nyonga hadi nyonga, nazidisha kwa mbili, naandika chini ya picha. Nikawa namwambia mteja: usijipime mwili, chukua gauni lako unalolipenda, lililokukaa, lilaze kama mimi nilivyolaza, pima, linganisha. Ushauri huu ni mzuri na bado nautoa. Malalamiko yakapungua, au niseme, nilianza kuyasikia kidogo zaidi, kwa sababu sasa nilikuwa na jibu.

Nilikuwa nikipimia futikamba ya Mama. Mama alikuwa fundi cherehani Tanga, barazani, Ngamiani, tangu mimi sijazaliwa. Macho yalipoanza kumsumbua akanipa vitu vyake vidogo: mkasi mzito, chaki, kisanduku cha pini, na futikamba ya njano iliyolainika kama utepe wa nywele. Ile futikamba nilijivunia. Niliipiga hata picha ikiwa imelala juu ya gauni, ili wateja waone kwamba kwangu hakuna ubabaishaji.

Sasa turudi kwa mwalimu.

Asubuhi yake aliandika tena. "Nimejipima mara tatu. Kifua changu ni 37. Wewe uliandika 38." Ilikuwa sentensi ya mwalimu, imenyooka, na ingetosha kunifanya ninyanyuke nikatazame upya. Gauni jingine la kitambaa kilekile, pacha wake wa rangi ya zambarau, lilikuwa linaning'inia pale pale ukutani. Sikunyanyuka. Niliandika: "Labda kipimo kimekosewa, mama. Na mwili pia hubadilika."

Na mwili pia hubadilika. Ningeweza kumnyima pesa yake bila kumwambia hilo.

Nimeuza nguo za kike muda wa kutosha kujua kinachotokea baada ya sentensi kama ile. Mtu akirudisha viatu anasema viatu ni vidogo. Akirudisha gauni anasema yeye ni mkubwa. Sikumuuliza mteja hata mmoja kuhusu mwili wake, lakini ujumbe wa kurudisha karibu kila mara ulikuja na maelezo: nimenenepa tangu nijifungue, nimejiachia siku hizi, nadhani ni vidonge, samahani nilijidanganya. Wanaomba warudishiwe pesa na papo hapo wanaungama. Na mimi nilikuwa nikiipokea ile toba kama sehemu ya ushahidi. Ameshasema mwenyewe kanenepa. Hela ya nini?

Mwalimu hakuungama chochote. Hakujibu tena. Kwenye daftari, mbele ya jina lake, nikaandika neno nililokuwa nawaandikia watu wa aina yake: mkorofi.

Mama alikuja Dar mwezi wa 12. Hawezi kukaa bure. Akaketi kwenye mkeka akisaidia kufumua lebo zilizochakaa, mimi nikipima mzigo mpya kitandani na kuandika.

"Kumi na tisa," nikasema kwa sauti, ili nisisahau.

"Kumi na nane," akasema Mama.

Hakuwa amenyanyua hata kichwa vizuri. Nikamwambia Mama, nimepima, ni kumi na tisa. Akasema hilo gauni kifua chake si kumi na tisa, hata akiwa amefumba macho. Nikampa futikamba, kwa ile heshima ya kumkomoa mtu mzima. Hakuiweka juu ya gauni. Aliipitisha vidoleni kuanzia katikati mpaka kwenye ncha, kama mtu anayevuta tasbihi, akafika mwisho, akaniuliza:

"Umetoa moja?"

"Moja gani?"

"Hii imekatwa kichwa. Bati lake lilitoka zamani, uzi ukaanza kufumuka, nikaikata sawasawa pale kwenye moja. Kila ninachosoma natoa moja."

Nikaichukua. Mwanzo wake haukuwa na ile inchi ya kwanza wala mstari wake; namba ya kwanza kuonekana ilikuwa 2. Ncha ile nilikuwa naibana kwa dole gumba kila mara, na macho yangu siku zote yalikuwa upande wa pili, kwenye jibu.

"Mbona hukuniambia?"

"Umekaa nayo miaka, hujaona inaanza na mbili?"

Inchi moja si kitu kwenye urefu wa gauni. Hakuna atakayejua kama linaishia gotini au kidole chini ya goti. Lakini mimi nilikuwa napima upande mmoja na kuzidisha mara mbili. Kumi na nane ilisomeka kumi na tisa, kumi na tisa ikawa 38, na gauni lilikuwa 36. Kila kifua, kila kiuno, kila nyonga niliyouza tangu nianze kujisifia vipimo ilikuwa imeongezwa inchi mbili. Kwenye dera au gauni la kuvuta mtu hahisi. Kwenye satini yenye zipu, inchi mbili ndiyo tofauti ya kuvaa na kutovaa. Na mwalimu, mwenye 37 yake aliyoipima mara tatu, alikuwa amenitumia jibu la hesabu likiwa limeshakokotolewa.

Mama akaniangalia nikiandika namba pembeni ya daftari. "Kuna walioleta malalamiko?"

"Wapo."

"Ukawaambiaje?"

Nikainuka kwenda kubandika chai.

Futikamba mpya Kariakoo niliinunua 1,000. Nikapima upya kila kitu kilichokuwa kimebaki ndani, nikabadilisha maelezo. Hiyo ilikuwa kazi ya jioni moja. Daftari lilichukua miezi miwili. Nilipata watu 19 waliokuwa wameniambia kwa namna moja au nyingine kwamba nguo haikuwatosha, na nikawajibu kwa vipimo vyangu. Mbele ya majina manne palikuwa na lile neno. Walionunua, ikawabana, wakanyamaza na wasirudi tena, hao sina daftari lao, na nadhani ndio wengi.

Niliandika ujumbe mmoja, nikaufuta mara nyingi, mwisho ukabaki mfupi: futikamba yangu ilikuwa na kasoro, gauni ulilonunua lilikuwa dogo kwa inchi 2 kuliko nilivyoandika, kosa ni langu, nitakurudishia pesa yako na ya basi, nguo ukiwa nayo nitagharamia irudi, usipokuwa nayo haidhuru. Sikuwa na pesa zote kwa mkupuo. Nilianza na wale wanne.

Majibu hayakufanana. Mmoja wa Morogoro alikuwa amenizuia, ujumbe wangu ukabaki na tiki moja mpaka leo. Mmoja alisema alishampa mdogo wake, limemkaa, tusahau. Mmoja alinitumia sauti ya dakika tatu, na kwa dakika hizo tatu alinieleza mimi ni mtu wa namna gani kwa Kiswahili cha Temeke kisicho na mafumbo. Nilisikiliza mpaka mwisho kwa sababu hakukuwa na pa kukatia. Kuna aliyedhani ni utapeli, kwamba nitamwambia nimekosea kutuma na anirudishie. Huyo ilibidi nimpigie simu ya video, nimwonyeshe futikamba.

Na kuna dada mmoja wa hapahapa Ubungo. "Mbona mimi lilinitosha?" aliandika. Nikamkumbusha kwamba alilalamika. Akasema ndiyo, alilalamika, nikamwambia vipimo viko sawa, basi akaacha ugali wiki mbili, akanywa maji ya limao asubuhi na jioni, na siku ya harusi zipu ikapanda. "Nilipendeza kweli," akaongeza, na kikatuni cha kucheka. Nilimtumia 35,000 zake. Mpaka leo sijui nilichomrudishia ni nini.

Tangu hapo mambo kadhaa nimeyabadilisha. Ile mali ikishauzwa hairudishwi nimeifuta. Uzi mwekundu upo bado, maana watu wa Jumatatu nao wapo bado. Lakini jambo lililobadilisha mazungumzo kuliko yote ni dogo: mteja akileta malalamiko, sentensi yangu ya kwanza ni "Hela yako ipo, usiwe na wasiwasi." Hapo sijasema nitamrudishia. Nimemwambia tu kwamba sijakimbia nayo. Sikujua kabla jinsi ukali wote ule, herufi kubwa, vitisho vya kunianika Instagram, ulivyokuwa woga wa mtu aliyetuma pesa kwa asiyemjua, akabaki na ujumbe wa muamala. Woga ukitoka, ndipo tunapoweza kuulizana taratibu nani kakosea: nguo haifanani na maelezo yangu, au inafanana ila hujaipenda ulivyoonekana nayo? La kwanza ni langu, kwenda na kurudi nalipa mimi. La pili tunabadilishana, nauli tunagawana.

Kunabaki ule mvutano wa nani atangulie. Mteja wa mkoani hataki kutuma nguo kabla ya pesa, mimi sitaki kutuma pesa kabla ya nguo, na sote tuna sababu. Sasa nasema: peleka mzigo kituoni, nipigie picha risiti ya basi. Ikiingia tu hiyo picha natuma nusu. Gauni likifika stendi ya Mbezi natuma nusu iliyobaki. Siyo kama kule kwa dada yangu, lakini angalau kuna kitu katikati.

Mwalimu nilimwacha wa mwisho katika wale wanne. Najua kwa nini.

Nilimpigia badala ya kuandika. Akapokea, kwa nyuma kuna kelele za watoto wa shule, nikamwamkia, akaitikia. Nikamweleza habari ya Mama, bati lililotoka, namba mbili, dole gumba. Nilipofika kwenye "mwili hubadilika" sauti ikanikwama, nikairukia. Alisikiliza yote bila kunikatiza, kama anavyomsikiliza mwanafunzi aliyechelewa akieleza habari za daladala. Akasema, "Ngoja nikutumie kitu."

Ilikuja picha. Ukumbi wenye mapazia ya dhahabu, binti katikati, na pembeni yake mama wa makamo amesimama wima, gauni la kijani limemkaa barabara. Nikaikuza. Pande zote mbili, kutoka kwapani kwenda kiunoni, fundi alikuwa amelifumua akaingiza utepe wa kitambaa cha kijani kilichokolea zaidi, upana kama vidole viwili, akautuliza kwa mishono midogo iliyonyooka. Usingejua ungedhani ndio mtindo wenyewe.

Nikamwambia mwalimu, pesa yote narudisha, 45,000 na 7,000 ya basi. Akakataa. Gauni analo na analivaa, akasema, hawezi kuvaa nguo ya bure. Fundi alimtoza 12,000. Hiyo ndiyo anayonidai.

Nilituma 12,000 palepale. Haikupita dakika, simu ikalia.

"Na ya kutolea, mwanangu."